Uso wa Mama Uliozimwa Ilula

Thobias alizungusha kile kidude cha taa kwenye mashine yake ya sinema, akakirudisha chini, na uso wa mama yangu ukazimika palepale kwenye shuka. Ukabaki mweusi tii, hauna macho wala mdomo. Pembeni yake bwana shamba, Mzungu, anang'aa mpaka vifungo vya shati.

Ninyi wa rika langu mliokulia Ilula mnalikumbuka gari la sinema. Enzi zetu televisheni hatukuijua. Tukisikia honi tu, tunaacha mbuzi, tunaacha viazi motoni, tunalikimbilia gari huku vumbi linatujaa puani. Safari moja walikuja kupiga picha za kilimo cha matuta, wakamchagua mama ashike jembe pale mbele, maana kulima alijua. Wakasema watairudisha tuione. Masika hayajaisha, mama akafa kwa uzazi. Picha nyingine hakuacha, hata moja.

Basi gari liliporudi, nilikaa mbele kabisa na bibi, mama mzaa baba. Bibi alivaa kaniki mpya, ati anakwenda kumwona mkamwana wake. Picha ikaanza, giza tupu.

"Thobias, mwanangu, ongeza taa," bibi akasema. "Hatumwoni mtu."

Akaongeza. Jamani, nilimwona. Nililiona pengo lake, nikaona anavyokaza mashavu asicheke. Lakini bwana shamba naye akawa mweupe pee, kichwa hakijulikani kiko wapi, watu wakaanza kumcheka. Ndipo Thobias akairudisha taa.

"Iache vile ilivyokuwa, baba."

"Kaa chini, bibi. Mimi picha naipima kwa uso wa bwana. Nikimpoteza yeye, kazi sina."

"Bwana si yupo Iringa, utamwona kesho. Huyu wetu tutamwona wapi?"

 Picha ikaisha, Thobias akakunja shuka, akawasha gari.

Leo wanangu wamekaa sebuleni wanagombania rimoti, mara rangi imezidi, mara mtangazaji kawa mwekundu kama nyanya. Nikiwaambia waache, wananiita mshamba. Wao wanahangaika na nyuso za watu wasiowajua. Mimi wa mama yangu nimeanza kuusahau, limebaki pengo tu.

Bibi amekufa bila jibu. Thobias yuko hai, amejenga Iyunga, na nasikia vijana wanamsifu kwamba ndiye aliyetuletea sinema. Sawa, wamsifu. Lakini kwanza aniambie mimi, mbele yao: Thobias, ile filamu mliipeleka wapi?