Koti la Kuendea Hospitali

Niliondoka Kinyangiri kwa sababu ya jicho. Mwiba wa mgunga ulinichoma nikizungushia zizi uzio, na tabibu wa zahanati akasema, "Hili likipita siku tatu, limekwenda. Wahi Singida." Mke wangu alishafariki, watoto hatukujaliwa. Nikafunga safari peke yangu.

Asubuhi, kabla ya basi, jirani yangu Mama Mkumbo aliniletea koti na viatu vya marehemu mumewe. Kwetu mtu haendi mjini na nguo za kuchungia. Watasema huna watu. Mfukoni nikatia barua ya mwenyekiti wa kijiji, kwamba sina uwezo, nitibiwe bure. Kuchangia gharama za matibabu kulikuwa kumeshaanza, na tumaini langu lilikuwa barua hiyo.

Njiani nilikaa dirishani nimefunika jicho kwa kitambaa. Hakuna aliyeniuliza naumwa nini. Nilimkumbuka mke wangu. Yeye angeuliza mpaka nikasirike.

Singida mjini, saa sita, nilifika dirisha la hospitali. Karani aliisoma barua, akanitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Mzee, kwa koti hilo unaomba msamaha wa malipo?"

"La kuazima, mwanangu."

"Wote mnasema hivyo. Kalipe, urudi na risiti."

Nikaenda nyuma ya ukuta, nikalivua, nikarudi na shati langu lililotoboka. Akatikisa kichwa. "Nimeshakuona, mzee wangu." Bwana aliyekuwa nyuma yangu alilipa, akapita moja kwa moja kwa daktari.

Sokoni, muuza mitumba alilishika koti, akataja bei. Ingetosha matibabu. Nilisimama pale mpaka jua likanichoma kisogo. Mama Mkumbo hakubakiwa na kingine cha mumewe. Nikalikunja, nikatafuta basi. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa utu au ujinga tu.

Kinyangiri, kesho yake, nilimrudishia.

"Walikupokeaje?"

"Vizuri. Koti liliwapendeza."

Akafurahi, akalinusa kola. Jicho lilikufa wiki ileile, naye anaamini nilichelewa kufika. Nilichojifunza ni kwamba huko hospitali maskini anatakiwa aonekane maskini, na sisi tumelelewa kuuficha umaskini. Namwambiaje?

Juzi jirani mwingine alikwenda hospitali na barua yake. Mama Mkumbo alimvika lile koti. Nilikuwepo, nikanyamaza.