Kikohozi Kwenye Maikrofoni

Kikohozi kile kilikuwa changu. Kwa mwaka mmoja na nusu nilisema ni vumbi la barabara ya Matete, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia, hakuna aliyenibishia.

Tulikuwa tunamzika mjomba. Kwetu mwenye digrii ndiye hupewa kazi ya kusoma historia ya marehemu, nami nilikuwa nimeandika kurasa nne, ndefu kuliko mambo aliyoyafanya mjomba mwenyewe. Nilitoka Kakamega mjini asubuhi hiyo nikiwa na homa. Ningebaki nyumbani, nani angesoma? Barakoa ilinitia ukungu kwenye miwani, nikaishusha hadi kidevuni. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alinishikia maikrofoni kwa sababu mikono yangu ilijaa karatasi. Nilipokohoa, alinisogelea zaidi ili watu wa nyuma wasikie. Kisha akaibana ngoma yake ya isukuti kwapani, akaipiga mpaka kaburi likajaa.

Siku nne baadaye akashikwa na homa. Kwetu kila homa ni malaria. Nilimpelekea dawa mimi mwenyewe, bila kipimo, na alipopata nafuu nikajisifu. Wiki iliyofuata chanjo ya korona ikaletwa sokoni, akachanjwa. Siku ya tatu akanipigia simu kwamba kifua kinamuuma akilala chali.

Hospitalini daktari alitueleza kwamba misuli ya moyo imevimba. Akamuuliza kama aliugua majuma ya karibuni.

"Huyu haugui," nikajibu mimi. "Alikuwa mzima mpaka hiyo sindano."

"Mama, mwache mgonjwa ajibu," daktari akaniambia.

Mgonjwa akanitazama, kisha akaniomba nimletee maji ya kunywa.

Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani alipewa masharti: asikimbie, asibebe mzigo, asiguse ngoma, mpaka moyo upigwe picha tena na uonekane umepona. Daktari alisema sindano inaweza kuleta hali hii kwa vijana wachache, na kwamba virusi vyenyewe huileta mara nyingi zaidi. Nilisikia nusu ya kwanza. Nikaihubiri. Mama yetu akakataa chanjo kwa neno langu, na shangazi wawili wakamfuata.

Ngoma ililetwa kwangu ili isimshawishi. Niliiweka juu ya kabati la vitabu. Naishi orofa ya mwisho, chini ya mabati, na mvua ya alasiri ikianza kupiga, ngozi ya ile ngoma iliitikia, chini kwa chini. Niliacha kusahihisha insha za wanafunzi nikawa nahesabu mapigo, nikisubiri moja liruke. Picha ya kwanza, bado. Ya pili, bado. Jumapili alikuja kula obusuma, ugali wetu, akipumzika kila orofa.

"Profesa," alisema akihema mlangoni, "hizi ngazi zilijengewa adui gani?"

Nilicheka. Nilikuwa hodari wa kucheka.

Siku ya picha ya tatu niliapa kwamba majibu yakiwa mabaya nitasema ukweli, na yakiwa mazuri pia. Kiapo hicho nilikuwa nimekila mara mbili tayari. Simu ikalia saa saba mchana.

"Dada, moyo umerudi sawa. Daktari amesema nianze polepole."

Nikakaa chini. "Kuna kitu nilimficha daktari."

"Ile homa? Nilimwambia siku ile ile, ulipoenda kuleta maji. Iko kwa faili."

"Na kikohozi changu?"

"Hicho pia. Ulikohoa tangu ukurasa wa kwanza, dada. Mimi ndiye nilishika maikrofoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe huwa unaongeanga vizuri sana. Nikasema nikungoje umalize."

Juu ya kabati, ngoma ilikuwa kimya.

"Sasa mpigie mama," akasema. "Leo, na umwambie wewe mwenyewe. Halafu uniletee ngoma yangu."