Kona ya Ngozi Niliyoing'ata

Haya, chekeni kabisa mmalize, maana hapa Songea kuna watu wakiniona nakuja bado wanafunika vitu vyao. Mimi ni dalali wa mahindi, na dalali wa mahindi haamini macho: gunia nalichoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje, hadi chini, punje naing'ata, ikilia ka! ni kavu, isipolia mwenye mali akaanike tena. Jino hili halijawahi kunidanganya (nasema, lilikuwa halijawahi).

Basi ukaletwa ukumbini kwetu parokiani ukurasa wa Injili ulioandikwa kwenye ngozi, ambao wasomi wamegombana juu yake miaka na miaka. Sista mmoja mtafiti, mzaliwa wa Maposeni, alisema ni wa Wakristo wa mwanzo kabisa. Profesa mwenzake akasema ni wa juzi, umezeeshwa kwa chai. Wakabishana asubuhi nzima bila kutukanana, kila mmoja akimsubiri mwenzake amalize, jambo ambalo sokoni kwetu sijaliona. Mwisho wakakubaliana: kona moja isiyo na herufi ikatwe, ikapimwe umri. Mwenye ukurasa alikuwa ameruhusu kona hiyo tu.

Tukapangwa mstari tuutazame, bila kugusa. Mimi nikajiambia, safari yote hiyo ya vipimo ya nini, na jino lipo? Nikainama kama mtu anayebusu (watu wakaona ibada), nikaing'ata ile kona, ikakatika, ikabaki mdomoni. Kuitema aibu, kuimeza dhambi. Nikaionja.

"Chai!" nikapiga kelele. "Profesa, umeshinda! Hii ni chai!"

Ukumbi ukalipuka vigelegele. Mama mkwe wangu, safu ya mbele, akasimama kabisa kwa fahari. Sista hakupandisha sauti. Alinikingia leso chini ya kidevu kama mtoto, nikatema.

"Baba, kabla ya kuja hapa ulikunywa nini?"

Nikakumbuka. Vikombe viwili, na tangawizi.

"Chai, Sista."

Kicheko kilichotoka hapo nadhani Peramiho walikisikia. Nikamgeukia Profesa anitetee, si nimempa ushindi? Akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, ushahidi huu unanipendelea, lakini siutaki. Umeingia maji."

"Na kona hii haipimiki tena," Sista akasema, macho kwenye leso, machozi yakimlengalenga, maana ile ilikuwa kazi ya maisha yake. Kisha akawageukia watu. "Nilitamani hatimaye nijue. Sijui."

Profesa akasogea, akasimama kando yake. "Na mimi sijui."

Jamani, nimekaa sokoni hadi mvi, sijasikia muuzaji wala mnunuzi akilitamka neno hilo hadharani. Wale wawili walitoka mlangoni wakibishana upya, Profesa akiwa amembebea Sista mkoba.

Siku hizi nasukutua kabla ya kung'ata punje, na nisipokuwa na hakika nasema sijui, japo linanikwama kooni. Lakini kwenye jumuiya, zamu yangu ya kusoma somo ikifika, mama mkwe hanipi Biblia mkononi. Ananishikia mwenyewe, kwa mbali, mimi nasoma.