Ukuta Aliousiriba Esnah

Esnah, muuza ndizi wa Mosocho, ana mikono isiyojua kutulia, na hiyo ndiyo iliyomponza. Miaka kumi amekuwa akizunguka njia ya mbali asipite kwa marehemu Mzee Nyamongo, mchoraji, jirani yake wa ua kwa ua. Nyumba ikageuzwa makumbusho, bado hakukanyaga. Mpaka Jumapili hii, kina mama wa kanisa walipomshika mkono: wewe unakaa hapa hapa, watu watoke Nairobi wakutangulie?

Vyumba ni viwili tu. Cha kwanza kilijaa picha: soko, wachuma chai, na ng'ombe mmoja aliyekonda mpaka wakacheka. Phanice, binti wa marehemu, akawaingiza cha pili, akasimama mbele ya ukuta mtupu.

"Mama alifariki nikiwa mchanga, na hatuna hata picha yake moja," akasema. "Siku zake za mwisho baba alinipigia simu Nakuru: njoo, nimekuchorea mama yako ukutani. Nilifika siku ya mazishi. Ukuta ni huu. Alinituliza tu kama mtoto, na nilimzika nikiwa nimemkasirikia."

Lo! Siku mbili kabla ya mazishi yale, Esnah ndiye aliyekuja na ndoo ya udongo na mavi ya ng'ombe kusiriba nyumba, kama majirani wafanyavyo penye msiba, wageni wasikute aibu. Ukutani alikuta sura ya mwanamke, imechorwa kwa makaa. Makaa! Akadhani ni uchafu wa mzee mpweke. Akapitisha kiganja mara mbili, ukuta ukapendeza, wakamsifu. Baadaye akasikia Phanice akiwauliza majirani kuhusu picha hiyo, na akanyamaza. Hiyo ndiyo dhambi yake hasa, na anaijua.

Wenzake wakatoka. Yeye akabaki.

"Mama Haron, unaumwa?" Phanice akamwuliza Esnah.

"Phanice mwanangu, baba yako hakukudanganya. Alimchora mama yako. Mimi ndiye niliyemsiriba, kwa mikono hii. Sikujua. Halafu nikajua, nikaogopa kukwambia."

Phanice akaugeukia ukuta, akakwangua kwa kucha. Udongo ukamomonyoka na vumbi jeusi, basi.

"Miaka kumi!" akapiga kelele. "Miaka kumi namwita baba yangu mwongo, mbele ya wageni, na wewe uko hapo jirani unauza ndizi!"

Esnah alisimama akilia, leso mdomoni.

Phanice naye akalia, mpaka akachoka. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa anacheka. Ana mwanya, kama wako."

Phanice akajiziba mdomo. Halafu akaenda kwenye meza ya baba yake, akachukua kipande cha makaa, na kwa mguu akamsogezea Esnah kiti.

"Keti, Mama Haron. Nieleze nimchore. Anza na macho."