Nyuso Zilizopaushwa Rusinga

Nilitoka Migori kwa sababu ya simu ya mjane wa Ogada. "Shemeji," aliniambia, "filamu yake inaonyeshwa kanisani Jumamosi, kisha Jumatatu inaenda mashuleni. Njoo uiangalie na mimi." Ogada alikuwa mpiga picha wa filamu, na kwa miaka mingi nilimbebea kamera.

Matatu ilipofika Awendo tulikuta wakataji miwa wamepumzika kando ya barabara, nyuso zikimeta jasho. Ogada angesimamisha gari. Alianza kazi akipiga filamu za mawaziri na maonyesho ya kilimo. Mabwana waliomfundisha walipima mwanga kwenye shati jeupe, hivyo shati lilitoka vizuri na mwenye shati akawa shimo jeusi lenye meno. Ogada alikataa. Kipima mwanga alikiweka shavuni mwa mtu. Wavuvi aliwakataza kujifuta jasho: "Acheni, hiyo ndiyo taa yangu." Waliojifunza kwake wanapiga filamu Nairobi na Dar. Hata wapiga video wa harusi hupima mwanga shavuni mwa bibi harusi, wasijue nani alianzisha.

Homa Bay niliona bango la onyesho ukutani mwa hoteli. Mwongozaji alikuwemo, waigizaji walikuwemo, hata kampuni iliyoisafisha upya filamu hiyo ya zamani. Ogada hakuwemo. Nilimuuliza mwenye hoteli kama anamjua.

"Ogada yupi, yule fundi wa pikipiki?"

Chai ilinishinda. Hadi tunavuka daraja la Mbita nilikuwa napanga maneno makali.

Rusinga, madirisha ya kanisa yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi. Filamu ilipoanza, jina la Ogada lilitokea kwa herufi kubwa, watu wakapiga makofi. Nikaona haya kwa hasira yangu. Kisha nyuso zikaja. Zilikuwa za kijivu, kama za watu waliopakwa majivu. Jasho lilikuwa limefutwa lote. Akatokea msichana muuza samaki, na huyo ndiye mjane mwenyewe, miaka ile kabla hajaolewa.

"Huyo ni mimi?" aliuliza. "Ogada hakunioa nikiwa na rangi hiyo."

Benchi la nyuma lilicheka. Yeye hakucheka.

Baada ya onyesho nilimkabili Brayo, kijana wa kampuni. "Nani amewapausha watu wetu?"

"Jaduong', mzee wangu, watoto wa siku hizi wanataka picha inang'aa. Na tulikutumia sampuli, wewe uliyembebea kamera. Si ulijibu 'safi sana, endeleeni'?"

Ilikuwa kweli. Sampuli ilinikuta Masara, jua la mchana, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Sikuona kitu. Niliona aibu kusema macho yamenishinda, mimi niliyekaa na Ogada miaka yote ile. Nikaandika safi.

"Nilijibu bila kuona," nikasema, mjane akisikia. "Lakini nyinyi mliona. Ile ya asili iko?"

"Iko. Ila ya shule iko tayari humu kwenye kompyuta, inatumwa Jumatatu. Kurudia nyuso zote ni kazi ya miezi."

"Basi toa jina lake," mjane akasema.

"Mama, si hiyo ndiyo heshima yake?"

"Heshima gani? Ukipika ugali mbichi, usiwaambie wageni ni mimi nimepika. Toa jina. Siku utakayorudisha nyuso, utalirudisha."

Brayo alinitazama mimi, kana kwamba ningemtetea. Nikamwambia, "Nyar Kano, binti huyu wa Kano, amesema. Toa." Akafungua kompyuta pale pale madhabahuni. Mjane alisimama nyuma yake mpaka jina likatoka. Kisha akaniwekea chakula.

Jumapili nilirudi Migori. Nilikuwa nimeenda kupigania jina la rafiki yangu lionekane, nikaishia kusimamia lifutwe, na bado naamini mjane alifanya sawa. Wanaopaka kazi za kale rangi mpya na kusema ni heshima, nawalaumu. Lakini wao waliniuliza kwanza. Neno moja la kweli, "sijaona," lingewazuia. Sasa filamu iko mashuleni bila jina la mpiga picha, na mwanafunzi akiuliza nani alizifanya nyuso zile ziwe hivyo, jina linalofaa kuandikwa pale ni langu.