Kabati la Mama na Magome ya Mgomba

Mimi ni fundi baiskeli wa Namatala, hapa Mbale, na maisha yangu yote nimegombana na msuguano. Mnyororo ukilia, naupa grisi. Ekseli ikikaza, naipa grisi. Mke wangu husema hata chai yangu inanuka grisi, na siwezi kubisha. Kilichonishinda ni upepo tu, maana upepo haupakwi kitu.

Mama alipokubali hatimaye kuhama Jinja aje kukaa nasi, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Tangu baba afariki aliishi peke yake, na simu ikilia alfajiri moyo wangu ulikuwa unaruka. Alitoa sharti moja: kabati lake la mvule, alilonunuliwa na baba walipooana, lije naye. Lisipoingia kwangu, na yeye haingii.

Walifika kwa lori dogo, yeye na kabati lake. Lori halikuweza kupita kichochoro chetu, kwa hiyo nilianza na godoro. Nililifunga wima kwenye baiskeli, limekingama kama bango la kampeni. Upepo wa mlimani ulilikumbatia hilo godoro kwa mikono miwili. Nilikanyaga pedali kwa nguvu zangu zote, na bado jirani mwenye ndoo ya maji kichwani akanipita kwa miguu. Alinisalimu kwa adabu, nikaitikia huku nahema. Mama alicheka hadi akashika kiuno.

Kisha likaja kabati. Tulilibeba wanaume wanne kwa kupumzika pumzika hadi mlangoni, na hapo likagoma kabisa. Kwetu mzigo wa namna hiyo hutelezeshwa juu ya magome ya mgomba, yale mabichi yenye majimaji. Nikayatandaza mpaka ndani, juu ya sakafu ambayo mke wangu alikuwa ameing'arisha kwa polishi nyekundu kumpokea mkwewe. Ingetosha. Lakini mtu wa grisi haachi kazi hivi hivi, nikapaka magome yale grisi kidogo, halafu nikawaambia wenzangu tusukume kwa nguvu.

Kabati likaondoka. Lilipita mahali tulipokuwa tumeliandalia, likapita meza, sisi tukiwa tumelala kifudifudi kizingitini, likajipigiza ukutani. Mlango wake mmoja ukafunguka taratibu, kama linatuchungulia.

Hakuna aliyecheka. Mama aliingia, akapitisha kiganja kwenye ufa mpya wa ubao. Niliogopa sana. Nilijua akifungua kinywa, neno litakalotoka ni Jinja.

Akaniomba kisu changu cha kazi. Akakaa chini, akavua viatu vyake vya tairi, vile alivyokuja navyo, akaanza kuvikatakata bila haraka. Akatuamuru tuinue kabati, akaweka kipande cha tairi chini ya kila mguu. Kisha akaliegemea kwa nyonga yake yote, akalisukuma. Halikutikisika.

Nikatazama nyayo zake tupu juu ya sakafu nyekundu.

"Mama," nikasema, "si hizo ndiyo viatu yako ya safari?"

Akanirudishia kisu.

"Safari ya kwenda wapi tena?"