Mhadhiri Anayejifunza Upya Kijerumani

Saa moja asubuhi. Fundi cherehani anasogeza vitambaa kando, anafuta meza kwa kiganja, kisha anamwonyesha dada yake kadi yenye picha ya kiti.

Dada mtu anaikodolea macho. Midomo inacheza, neno haliji.

"Stuhl," anasema hatimaye.

Mdogo wake anaiweka kadi upande wa kulia. Upande wa kushoto, wa maneno yaliyogoma, rundo ni kubwa zaidi.

Mwanafunzi huyu ana miaka hamsini na tisa. Kwa miaka thelathini na moja amefundisha fasihi ya Kijerumani chuo kikuu. Wanafunzi wamembandika jina la Mama Jukwaa, kwa kuwa hakuwahi kuwasomea tamthilia akiwa ameketi. Tasnifu yake ilihusu watu wanaomwomba Mungu jukwaani wasijibiwe.

Miezi kumi na minne iliyopita, katikati ya mhadhara, chaki ilimponyoka, naye akaanguka. Alipozinduka hospitalini, mkono wa kulia ulikuwa mzito na Kiswahili kilichechemea, lakini kilikuwapo. Kijerumani hakikuwapo. Daktari alimweleza kuwa kiharusi huweza kuchukua lugha moja kikaacha nyingine.

Aliomba aletewe kitabu chochote kutoka rafu ya nyumbani.

"Nilidhani wameniletea cha mtu mwingine," anasimulia taratibu, akitafuta kila neno. "Nikakuta mwandiko wangu pembeni mwa kurasa. Hapo ndipo nilipolia."

Chuo hakikumwachisha kazi. Kilimbakishia somo moja, fikra za dini katika tamthilia, lenye wanafunzi tisa. Analifundisha kwa madaftari ya tafsiri za Kiswahili alizofanya mwenyewe ujanani, ambazo hakuna mchapishaji aliyezitaka. Mwanafunzi akitaka kujua neno la Kijerumani lilikuwaje, humwelekeza ofisi ya jirani kwa mhadhiri mwenzake. Anakiri kuwa kila akifanya hivyo hutazama dirishani mpaka uso utulie.

Mdogo wake hakuwahi kusomea lugha hiyo, ila kadi zote zimemkaa kichwani. Anasema siku hizi anapima viuno vya wateja akihesabu Kijerumani, na kwamba profesa wa nyumba hii sasa ni yeye. Wanacheka wote wawili. Dada mtu ndiye anayeacha kwanza.

Kinachomuuma kuliko vyote ni simu za Jumapili. Mzee wa Kijerumani aliyemsimamia tasnifu alikuwa akimpigia kila wiki, miaka nenda miaka rudi. Baada ya kiharusi mzee aliambiwa kila kitu, lakini hakuacha kupiga.

"Alijua simwelewi," anasema mhadhiri. "Anaongea mpaka anamaliza, halafu anangoja. Mimi nasema, naam, mwalimu. Anangoja tena kidogo, ndipo anapokata."

Jumapili moja simu haikuita. Wiki tatu baadaye ilifika bahasha kutoka kwa binti wa mzee, yenye taarifa ya msiba na barua ya kurasa mbili ambayo marehemu aliiandika kwa mkono wake.

Mhadhiri mwenzake alijitolea kuitafsiri. Mdogo wake alitaka waipige picha kwa simu, simu yenyewe iitafsiri, maana yote ijulikane papo hapo. Dada mtu alikataa, na nusura wakosane.

"Dada, je, kama kuna jambo la maana humo?" mdogo mtu alimuuliza.

"Ndiyo sababu. Ameniandikia mimi."

Kwa hiyo kila asubuhi, kadi zikiisha, anafungua kamusi na kuitoa barua. Anakwenda mstari mmoja kwa wiki, na wiki nyingine hata huo mmoja humshinda. Amefika wa kumi na tano. Mpaka hapo, anasema, mzee anamweleza tu habari za mguu wake na theluji ya mwaka huu.

Mwakani anastaafu. Anataka awe ameimaliza kabla ya hapo, kisha aandike majibu kwa Kijerumani, bila msaada wa mtu, amtumie yule binti akayasome kaburini.

"Hata yakiwa mistari mitatu," anasema. "Alikuwa anangoja nijibu."